Frankline Ajisifu Mbele ya Afisa wa Afya

Frankline wa Kondele alikuwa na siri moja: hakuwa daktari. Aliijua peke yake, na siku za biashara nzuri hata yeye aliisahau. Alisomea kilimo muhula mmoja, chuo kikamshinda, akarudi nyumbani na koti jeupe la maabara. Yaliyofuata, anasema, ni makosa ya koti.

Kibandani alipanga chupa za mwarobaini chini ya kibao: DKT. FRANKLINE. KISUKARI, PRESHA, MAPENZI. Mara mbili Agneta, afisa wa afya wa kaunti, alikuja kuulizia leseni. Mara mbili akakuta kibao kimegeuzwa, upande wa pili kimeandikwa UJI, na Frankline anakoroga sufuria. Uji huo, kusema kweli, ndio dawa pekee pale iliyowahi kumfaa mtu.

Kisha ikaja harusi ya binamu yake, kule ufukwe wa Dunga. Ngoma ya ohangla ilipokolea, ikafika zamu ya pakruok: unatuza wapigaji, ngoma inanyamaza, unajisifu kwenye maikrofoni hadi pumzi iishe. Wenye akili hujisifu kwa ng'ombe wasio nao. Frankline, aliyekunywa soda tu na hivyo hana kisingizio, akajisifu kwa kazi yake.

"Mimi Frankline, jakom, mwenyekiti wa mizizi. Kisukari kikiniona kinavuka ziwa. Mama Dorca alitupa tembe za hospitali, mwoneni anavyocheza."

Watu wakashangilia. Mama Dorca, muuza omena, akapunga leso. Kando yake shangazi wa bibi harusi akaacha kutafuna. Alikuwa Agneta.

Akamwendea Frankline polepole. "Nimekutafutia ushahidi miezi minne, Daktari, na wewe unajishtaki kwa spika nne. Lakini mtazame huyo mama miguu kwanza."

Frankline akatazama. Alidhani Mama Dorca amevua viatu kwa raha. Kumbe miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia.

Bodaboda zilikuwa langoni, angeweza kutoroka na kibanda chake kikapona. Akarudi kwenye maikrofoni.

"Mimi Frankline, daktari wa muhula mmoja. Mimi niuzaye dawa ya maumivu ya jino, na langu nikang'olewa hospitali. Kisukari kikiniona kinaagiza chai. Mama Dorca, rudia tembe zako leo."

Watu wakacheka hadi viti vikaanguka. Hawakuwa wamesikia majigambo matamu hivyo. Mama Dorca peke yake hakucheka.

"Kwani nilikuwa nakunywa nini, Frankline?"

"Mwarobaini, Mama. Na sukari kidogo, kuondoa uchungu."

Agneta alikuwa tayari ameshika funguo za gari. Walimkimbiza hospitali, Frankline kiti cha nyuma, amepakata viatu vya mgonjwa.

Hakimu alimtoza faini, koti likabaki kortini kama ushahidi. Kibao sasa hakigeuzwi. Leseni ya uji imetundikwa ukutani, na Agneta huja kuikagua hata asipokuwa na njaa. Mama Dorca naye huja kila asubuhi, miguu imepungua uvimbe, viatu vinaingia. Huagiza uji usio na sukari, kisha humsukumia Frankline kikombe.

"Onja wewe kwanza, Daktari."

Naye huonja.