Fishi Zilizoizidi Ofisi kwa Umri

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya kutafuta jamaa, hapa Kindu, Shefu wa Biro, yaani mkuu wetu, alinionyesha ordinateri, yaani kompyuta, kwa fahari kubwa, kisha akanikataza kuigusa. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nimetoka kupiga taipu stesheni, baada ya treni kuacha kuja, na vidole vyangu vilikuwa vinawasha kwa kukosa kazi. Saa sita mchana Shefu alikuwa bado anatafuta herufi ya M. Nikamwambia, "Shefu, acha miye niandike, weye usome." Akainuka. Nikakikalia kiti kile, na nawaambieni vijana, sijapata kuonja kazi tamu kama ile.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watoto. Familia zilipokimbilia msituni, wengi walipotezana na wazazi wao, na kila mtoto aliyeletwa kwetu tulimfungulia fishi, yaani ukurasa wake ndani ya mashine. Shefu alikuwa na sheria moja. "Andika vile mutoto anasema," alituambia. "Hapana andika vile weye unafikiri." Mtoto wa miaka minne hajui jina la baba la kwenye kitambulisho. Anajua baba ana kovu, anajua mbuzi wa nyumbani anaitwaje. Basi tuliandika makovu na mbuzi.

Umeme tuliupata kwa gurupu, ile jenereta ya uani, saa mbili kwa siku mafuta yalipofika kwa ndege. Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya kila ordinateri kuna betri ndogo ya duara, kiasi cha kifungo cha koti, inayoiwezesha kukumbuka tarehe hata ikizimwa. Betri yetu ilikuwa imekufa tangu mwanzo, na Kindu nzima haikuwa na nyingine. Kila tulipoiwasha, mashine iliamini ni Januari ya mwaka fulani wa zamani, ikatuomba tarehe ya kweli.

"Zaina, weka tarehe kwanza," Shefu alisema kila siku.

Lakini nje kuna mstari wa watoto, na mafuta yanakwisha. Nilibonyeza tu nikapita, na kila fishi ikahifadhiwa kwa tarehe hiyo ya mashine. "Vita haina tarehe, Shefu," nilimjibu mara moja. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo niliijua tangu utoto, ila siku hizo nilijifanya sijawahi kuisikia.

Vita vikaisha. Nikapelekwa Lubutu chini ya Mratibu, mama mfupi aliyekagua kucha zetu kabla hatujagusa kibodi. Baadaye nikarudishwa Kindu chini ya Mkurugenzi, bwana wa tai aliyependa kila kitu kipya. Mwaka wangu wa mwisho kazini, yeye ndiye aliyetangaza kwamba tunabadilisha mfumo endeshi, ile programu inayozitawala programu nyingine zote. Akaja enjenia kijana, Neema, binti mwenye akili kali na heshima. Akafunga diski mpya, akaweka mfumo mpya, akahamisha mafaili. Mashine ikawa nyepesi ajabu. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Wiki ya tatu akaingia mwanamke kutoka Lubutu, jina lake Mwamini. Alilelewa na mama mmoja aliyemchukua katika ofisi yetu wakati wa vita. Sasa alikuwa amechumbiwa.

"Mama, wakwe wanauliza ukoo wangu iko wapi," alisema. "Wanauliza nani atasimama upande wangu. Sina hata muntu mumoja."

Nikatafuta fishi yake. Hakuna. Nikatafuta nyingine ninazozikumbuka kwa kichwa. Hakuna hata moja ya miaka ya vita. Nikamwita Neema.

"Mama Zaina, niliambia programu ibebe mafaili yote kuanzia mwaka ofisi ilifunguliwa," alisema. "Ya nyuma nilifikiri njo takataka ya mfumo wa zamani."

Hapo nikaelewa. Fishi zangu zote zilikuwa na tarehe ya uongo, zimeizidi ofisi yenyewe kwa umri!

"Diski ya zamani iko wapi?"

"Mukubwa anataka ifutwe leo. Iko kwake."

Jamani, nilikimbia. Mimi, mwenye magoti haya. Nilimkuta Mkurugenzi mbele ya swali la mwisho kwenye kioo cha mashine yake, lile linalokuuliza kama kweli unataka kufuta kila kitu, na kidole kiko hewani.

"Mukubwa, hapana bonyeza," nikamwambia. "Watoto wa vita wote wako humo. Tarehe zao njo miye nilizikosesha."

"Miaka hii yote, Mama Zaina, na hukusema?"

"Leo nasema."

Akaondoa mkono. Neema akaiunganisha diski kwenye mashine yetu, nazo zikajipanga kwenye kioo, fishi kwa mamia, zote za Januari ileile. Nilipiga vigelegele ofisini bila aibu. Neema akaiambia mashine itafute neno Mwamini ndani ya maandishi. Zikatoka tatu. Programu mpya ikakataa kuzifungua, ikisema haiitambui aina ile ya faili. Hapo nami nikamfundisha enjenia kitu: faili la zamani likikataliwa, lifungue kwa ile programu ndogo ya maandishi matupu, isiyojali mapambo. Yakaja makorokoro, alama juu ya alama. Fishi mbili zilikuwa za Mwamini wengine. Katikati ya makorokoro ya ile ya tatu nikayaona maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, na jina la yule mama aliyemlea chini yake.

"Anasema baba iko fundi wa kinga pa Kibombo. Anasema baba anapiga muluzi akijaza upepo." Kinga ni baiskeli, vijana.

Mwamini akakaa chini sakafuni.

Wakati wa vita tulituma ujumbe Kibombo, tukaambiwa mtaa mzima umekimbia. Lakini watu hurudi. Tukampigia mwenzetu wa huko, akatoka na baiskeli yake kuulizia. Kabla ya ofisi kufungwa simu ikalia. Mwamini akaipokea kwa mikono miwili. Mwanamume wa upande wa pili hakutaja jina. Alipiga mluzi.

Mwamini alilia, nikalia, Neema akalia, na Mkurugenzi akavua tai.

Mwezi uliofuata nikastaafu. Tangu hapo nikiwaza kazi yangu, furaha hunijaa, halafu aibu huja nyuma yake. Ndiyo maana kwenye harusi ya Mwamini nilikwenda kukaa nyuma kabisa, kwa wageni. Yule fundi wa Kibombo akaja hadi nilipo. Nikamweleza kosa langu lote, kwamba mimi ndiye niliyekaribia kumpoteza mwanawe mara ya pili, kwa sababu ya tarehe.

"Tarehe?" akaniuliza. "Siku ile ya kukimbia, nani alikuwa anahesabu tarehe? Weye uliandika mutoto wangu alisema nini. Simama, Mama Zaina. Njoo ukae huku, upande wetu."

Nikasimama, nikaenda kukaa kwa mashangazi wa bibi harusi.