Kaa Kwanza Kiti cha Nyuma

Siku niliyomwaibisha mama mkwe wangu mbele ya watu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na aibu yenyewe ilianzia kwenye umbo la gari.

Nakuandikia kwa sababu umenitumia picha. Nimeiona. Pua ya gari la mashindano, paa limeshuka nyuma kama mgongo wa kobe, na chini umeandika kwamba linabeba familia na mizigo. Nani kakwambia? Si huyo anayeliuza?

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mashine tatu za kusaga hapa Buhongwa ni zangu. Nilipopata ya kwanza nikataka gari. Dalali mmoja wa Pasiansi akanionyesha la namna hiyo hiyo, milango miwili ubavuni, na wa nyuma unafunguka wote kwenda juu. "Bosi, asubuhi unapakia magunia, jioni unatesa mjini." Akanifungulia upande wa dereva. Nikashika usukani, nikajiona mtu.

Nilikuwa na baba yangu mdogo, fundi mwashi. Yeye pua hakuiangalia. "Hebu ingia nyuma," akaniambia.

"Baba mdogo, mimi ndiye dereva. Nyuma nikatafute nini?"

"Huyu dalali hajakukaribisha nyuma hata mara moja. Simwamini."

Nikacheka. Nikanunua.

Mwezi haujaisha, mama mkwe akaruhusiwa hospitali, goti limefungwa. Alikuwa aje kwangu, amsubiri mjukuu wa kwanza, maana mke wangu alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Nawe unajua sisi Wasukuma, mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Kwa hiyo mbele mke wangu, nyuma yeye. Sasa anaingiaje? Kiti cha mbele kikalazwa, mama mtu mzima akainama apenye na goti lile. Kichwa kikagonga paa, kitambaa kikadondoka, akakwama nusu ndani nusu nje. Mke wangu na tumbo lile hawezi kumwinua. Mimi siruhusiwi kumgusa. Nikageuka, nikatazama ukuta, mpaka manesi wawili wakaja kumtoa.

Alipopumua akasema, bila kunitazama, "Baba, gari lako zuri. Mwenye nalo hakunifikiria." Akakodi teksi, akarudi kwake Magu. Mke wangu akajifungua bila mama yake, na mtoto akaota meno kabla bibi hajakanyaga kwangu.

Basi nisikilize. Gari likisifiwa kwa mambo mawili, kachunguze jambo lile ambalo muuzaji analipitia haraka. Usukani uache. Kaa nyuma, funga mlango, inua kichwa. Pakia gunia uone kama mlango unafunga. Halafu mwambie mama yako aingie, na wakati anaingia usitazame gari, mtazame dalali usoni.

Mungu akujalie gari ambalo wakwe zako watashuka humo wakicheka, na mlangoni kwako wasiache kubisha hodi.