Lango la Askelby

Enid Askelby ndiye aliyenifundisha kupika kastadi isiyo na madonge, na alinifundisha kwa ukali, utadhani watoto wa shule ya Hagby wangekufa kwa donge moja. Yeye alikuwa mkuu wa jiko pale shuleni. Mimi nilikuwa mgeni niliyeletwa Lincolnshire, Uingereza, na mume, dereva wa lori, nisiyejua kumenya viazi kwa ile kasi yao. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Pangani. Akauliza Pangani ni karibu na wapi, nami nikakosea kutaja Zanzibar. Basi, jina langu likafia hapo hapo. Mpaka leo ukiingia Hagby ukamuulizia Mwanakombo, watakuambia hawamjui. Muulizie Zanzibar, utaonyeshwa mlango wangu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kusukuma unga, na hakuwahi kuolewa. Wanakijiji walikuwa na maneno yao juu ya hilo. Wengine walisema ni kiburi, wengine wakauliza ni mwanamume gani angeuweza mdomo ule. Ukweli alinipa mwenyewe siku moja tukisugua masufuria: alikuwa analitunza jina.

Ukiteremka njia ya kanisani unakuta malisho yenye lango la mbao. Ukiyatazama haraka ni nyasi na kondoo tu. Ukikaza macho unaona matuta ya pembe nne, na katikati yake mtaro mpana ulionyooka. Matuta ni misingi ya nyumba na mtaro ni barabara. Hapo ndipo palipokuwa Askelby, kijiji chenye kisima na kanisa lake, mpaka bwana mwenye ardhi alipoona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Siku ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, ambayo huku ndiyo siku ya kuanza na kuisha kwa mapatano ya mashamba, watu walitolewa na nyumba zikabomolewa. Ni zamani sana, lakini jua likiwa kali nyasi za juu ya misingi bado hukauka kabla ya nyingine, na nyumba zinaonekana zote.

Baba yake Enid alisimulia kwamba kijana mmoja hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amekwenda Lincoln kubeba sufu, na watu wa mjini walimwita kwa jina la alikotoka, kama walivyonifanya mimi. Aliporudi alikuta kondoo. Waliofukuzwa walitawanyika, wakachukua majina ya kazi zao na ya baba zao, na Askelby likabaki la mtu huyo mmoja na kizazi chake.

Halikuwahi kuwa jina la wengi. Kulikuwa na tawi mjini Hull, vita vikalimaliza. Kulikuwa na wengine kaskazini, wakazaa mabinti watupu, na huku binti akiolewa huliacha jina la kwao mlangoni mwa kanisa kama mwavuli uliosahauliwa. Kaka yake Enid, Wilfred, alikufa kwa pikipiki kabla hajaoa. Siku ya maziko, baba yao alimvuta Enid kando akamwambia kwamba lango sasa ni lake.

Lango lilikuwa na kazi. Kila mwaka, asubuhi ya Mikaeli, lazima Askelby mmoja asimame pale, kwa sababu asubuhi hiyo kuna kinachoita. Huita jina hilo mara moja, na Askelby aliyepo huitikia. Baba yake alisema ni wale wa chini ya nyasi wanaotaka kujua kama damu yao bado ipo, na siku watakapoita wasijibiwe, kijiji kitakuwa kimekufa mara ya pili.

Nilicheka. Nilimwambia kwetu mashetani yana adabu, hupanda kichwani mtu akajua moja. Enid hakukasirika. Alinipa sufuria nyingine.

Ila mwaka alipovimba goti aliniomba nimshike mkono mpaka langoni, nami nikaenda. Kulikuwa na ukungu mzito, matuta ya mbali hayaonekani. Tulisimama tu, kwa baridi, na mimi nikaanza kuwaza chai. Ghafla kondoo wote wakaacha kula. Waliinua vichwa wakatazama upande wetu, wote, hata wale wadogo. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya mtu aliyetembea mno, aliyechoka, na ilitamka neno moja: Askelby.

Enid akaitikia, "Nipo."

Kondoo wakainamisha vichwa, wakaendelea kula.

Sitaki kujipamba: niliogopa. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka nikachanganya maneno. Nilipopata pumzi nikasema ni mchungaji wa kondoo huyo. Enid akaniambia mchungaji yuko kitandani ana mafua, na kama nimemaliza kutetemeka tukachume yale matunda meusi ya kwenye miiba, maana kesho hayaliwi tena. Huku wanaamini baada ya Mikaeli Ibilisi huyatemea mate. Mwaka wangu wa kwanza niliyachuma Oktoba nikampelekea Enid mkate wa matunda, akautupa wote kwa kuku bila hata kuniomba radhi.

Sasa nimtaje Len Stott, fundi wa matrekta. Katika ujana wao Len alimpenda Enid na Enid alimpenda yeye, na hilo hakunificha. Alimwekea sharti moja: atakayemwoa achukue jina lake. Wakati ule, mwanamume wa Hagby kuitwa kwa jina la mkewe ilikuwa afadhali atembee uchi sokoni. Habari zilifika baa, na Len akachekwa mpaka akashindwa kuingia. Alimsihi Enid alegeze, Enid hakulegeza. Mwishowe Len alioa kwingine, akalea watoto, akazika mke, akarudi kukaa nyumba ya pili kutoka kwa Enid. Kila Jumamosi alimletea kabichi. Enid hakupenda kabichi, na hakuwahi kumwambia.

Hata uzeeni Len alijaribu tena. Nilikuwepo. Alikuja kofia mkononi, akasema sheria inaruhusu, atakuwa Askelby rasmi, na wale ambao wangemcheka wote wamekwisha kufa.

"Waliokufa ndio ninaowaogopa mimi," Enid alimjibu. "Wale hawataki karatasi, Len. Wanataka damu."

Len alivaa kofia yake akaenda zake. Jumamosi kabichi ikaja kama kawaida.

Halafu moyo wa Enid ukachoka. Ilikuwa Septemba, na daktari alitaka alazwe, akakataa katakata. Hakuweza tena kushuka ngazi, seuze kufika langoni. Mikaeli ilikuwa inakaribia na hakukuwa na Askelby mwingine Uingereza nzima. Tulishatafuta, yeye na mimi, miaka na miaka. Hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza. Hakulilia kufa. Alilia kwamba wale wataita na hapatakuwa na mtu.

Siku moja kabla ya Mikaeli, nilikuwa namlisha kastadi. Akalalamika ina donge, ingawa haikuwa nalo. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza maisha yote.

"Zanzibar, hivi kwenu wanakuitaje?"

"Mwanakombo. Au binti Sheha, au mama fulani."

"Hawakuiti Pangani?"

"Aniite hivyo nani, na wote ni wa huko huko? Jina la mji unapewa ukishatoka, Bi Enid. Simama katikati ya Pemba uite 'Mpemba!' uone kama atageuka mtu. Labda kigeuke kisiwa kizima."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikiweka mbali kijiko changu kwa kidole chake, akatazama dirishani.

"Basi wale wa chini ya nyasi hawakuwahi kuitana hivyo," akasema. "Wangemwita John, au mtoto wa fulani. Aliyeitwa Askelby ni yule mmoja, aliyeondoka."

Nilianza kuona anakoelekea na sikupapenda.

"Ni yeye anayeita. Hatafuti mtu, Zanzibar. Amerudi, haoni nyumba, anaulizia kwao." Akanigeukia. "Na sisi miaka yote tunamjibu 'nipo, nipo', wala hatumwambii kwamba amefika. Mtu akiulizia kwao, si anaweza kumjibu yeyote aliyesimama pale?"

Ningeweza kuurudisha mzaha wangu kinywani ningeurudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia amechoka, alale, hayo ni maneno ya homa. Akanitazama kwa lile jicho la jikoni.

"Mwite Len. Kesho asimame yeye, kwa jina lake la Stott. Amwambie yule kwamba ni hapa. Nawe uende, maana Len hasikii cha mbali. Urudi uniambie kilichotokea, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Sikulala vizuri. Stott akijibu na lile jambo likakubali, basi hakuna atakayeachwa akiita bure, na Enid atakufa na amani. Lakini atakufa akijua kwamba angeweza kuolewa na Len, akaitwa Bi Stott, na kila Mikaeli akasimama langoni vilevile. Lisipokubali, maisha yake yatakuwa na maana, na huyo wa ukunguni ataita milele. Nilipopiga magoti kuomba, sikujua niombe lipi.

Asubuhi Len alikuja amevaa suti ya maziko na tai. Tulishuka, yeye ameshika fimbo na mimi nimeshika kiwiko chake. Ukungu ulikuwa umelala hadi juu ya lango. Tukasimama. Kondoo wakainua vichwa. Nikaisikia sauti, ile ile, ya mtu aliyechoka, na safari hii nilisikia kwamba lilikuwa swali. Sijui kwa nini sikuwa nimesikia kabla.

Len hakusikia kitu. Nilimvuta mkono wa koti.

Alivua kofia. "Ni hapa, bwana," akasema. "Umefika. Pita."

Kondoo hawakuinamisha vichwa. Walisogea. Walianza wale wa karibu na lango, wakafuata wa nyuma yao, huku na huku, mpaka ile barabara ya zamani ikabaki wazi kati yao. Nilisikia harufu ya sufu iliyolowa na jasho la safari, ikapita katikati yangu na Len. Kondoo walifuatisha kitu kwa macho, polepole, mpaka kwenye moja ya matuta ya mwisho. Kisha wakarudi wakala.

"Imekuwaje?" Len aliuliza. "Amekubali?"

Nilimwambia twende kwanza kwa Enid.

Sikumdanganya. Nilimweleza yote, kondoo, harufu, tuta la mwisho. Alifumba macho na uso wake ukalegea, nikajua ule mzigo wa baba yake umeshuka. Halafu kikaja kile nilichokiogopa. Len alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikombe cha chai magotini, amechafuka matope mpaka kwenye tai. Enid alimgeukia.

"Tungeoana, Len."

"Eh?"

"Nimesema tungeoana."

Len aliweka kiganja nyuma ya sikio, akamsogelea karibu. "Sema tena, mpenzi."

Enid alimtazama, akamtazama. Nilitoka nje ya chumba kwa sababu sikuweza kuvumilia, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Nimesema chai yako inapoa," akasema.

Hakumaliza wiki. Tulimzika kanisani karibu na Wilfred, na jina hilo sasa limo kwenye mawe tu, mtu anayelibeba hayupo tena. Len alilipia maua.

Mwaka uliofuata, siku ya Mikaeli, tulikwenda tena langoni, mimi na yeye. Hatukuwa tumeahidiana, nilimkuta tu njiani na ile tai. Ukungu ulikuwepo. Tulingoja mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na kondoo waliendelea kula, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikamwambia Len kwamba ni kimya. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa anajua.

"Asubuhi ile, kitandani kwake," akasema, "nilimsikia tangu mara ya kwanza."

"Sasa mbona ulimuuliza tena?"

"Nimelingoja neno hilo tangu nina nywele nyeusi, Zanzibar. Ulitaka nilisikie mara moja tu?"

Alivaa kofia, akanipa kiwiko, tukapanda njia ya kanisani polepole kwa sababu ya utelezi.