Mjumbe Hali Kabla ya Kusema

Kwenye daftari la serikali niliandikwa tarishi. Nilipewa kofia nyekundu na mkoba wa ngozi. Miguu ilikuwa yangu mwenyewe. Lakini kutoka Ruangwa mpaka Likunja hakuna aliyeniita tarishi. Waliniita mjumbe, na jina hilo lilinichosha kuliko njia.

Kwetu mjumbe alikuwa mtu wa msiba. Nani angetembea kutwa nzima kuja kusema kwamba watu ni wazima? Hata nilipokwenda kutangaza tu kwamba kesho watu wakafyeke barabara, akina mama walianza kulia nikiwa bado uwanjani. "Jamani, ni barabara tu!" Basi wanafuta machozi, halafu wananitukana kwa kuwatisha. Makubwa! Na desturi ilikuwa mjumbe asile chochote kabla hajasema alichotumwa. Akila kwanza, amewadhihaki wafiwa.

Wazungu walipoanza kung'oa pori la Nachingwea ili walime karanga, mdogo wangu alikwenda huko kutafuta kazi. Mama akanishika mkono, akaniambia, "Wewe usije kwangu na hiyo kofia."

Asubuhi moja nikaitwa barazani. Mdogo wangu amefariki kwa homa, wamemzika jana. Habari ipelekwe Likunja, kwa mama yake. Mama yangu! "Si wewe ndiye tarishi?" karani akaniuliza.

Nilitembea. Nilipofika kisimani, karibu na nyumbani, nilivua kofia nikaificha mkobani, nikanawa uso.

Mama aliponiona alicheka. "Leo hukutumwa! Umenikumbuka mwenyewe." Akasonga ugali wa mtama, akapakua na kisamvu, huku akiuliza mdogo wangu atarudi lini amwezekee nyumba, maana mvua zinakaribia. Nikasema sijui. Wallahi nilikuwa nimechoka, nimechoka na miguu na nimechoka na vilio vya watu, na nilitaka mama yangu acheke kidogo tena. Nikala. Nilikula mpaka sahani ikabaki tupu, naye akaniletea maji ya kunawa.

"Mama," nikasema, "nimetumwa."

Hakupiga kelele. Aliutazama mkoba, kisha akaitazama ile sahani.

"Na umekula, mwanangu?"