Mapasa wasiooshwa ziwani

Mujukuu wangu akimwaga javel, ile dawa ya kuua vidudu, katika ndoo, harufu ile inanirudisha kwa mama, alipozaa mapasa, watoto wawili kwa mimba moja.

Kwetu, wanawake walipeleka mapasa ziwani, wakawamwagia maji na kuwaimbia matusi ya desturi, njo hapo tu wakahesabiwa watu. Lakini kolera ilikuwa inaua, na askari wakafunga njia ya ziwa. Munganga wa hospitali akatuletea maji ya javel.

"Muwaoshe na hii, Mama."

"Hii ni ya kuosha choo!" bibi, mama ya baba, akamujibu.

Pasa mumoja akaharisha, akafa. Mama akafungua kinywa alie.

"Funga!" bibi akasema. "Hakuoshwa ziwani, si muntu. Hatumulilii."

Mama akauma kikwembe alichojifunga. Mimi nikalia kwa nguvu, mutaa muzima wasikie. Bibi akanipiga na mwiko. Nikazidi kulia.