Simu Iliyoandika Sauti ya Mama

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi simu, Majengo, nikilalamika kwamba hizi apudeti zinakula bando bure. Pembeni alikaa mzee mfugaji kutoka Kasokola, ambaye homa ilimwacha kiziwi miaka mingi iliyopita, pamoja na mkewe. Fundi alipomaliza kuapudeti simu yao, akamwambia yule mama aongee karibu na simu.

"Mzee wangu, unanipata?" mama alisema kwa aibu.

Maneno yakajiandika kwenye kioo cha simu, makubwa, kwa Kiswahili. Mzee aliyafuata kwa kidole. Matangazo ya simu mpya hutusifia kamera. Hili mimi sikuwahi kutangaziwa.

"Nianzie wapi sasa?" mama akauliza.

Mzee akasoma, akamshika mkono. "Anzia pale nilipoacha kukusikia."

Mama akavuta stuli, akaanza.