Kikohozi cha Kasuku wa Kijivu

Ukitaka kununua ndege kwa Mama Kasuku, kwanza ulihojiwa. Umekuja na hela yako mfukoni, ndege umeshampenda, mtoto anakuvuta shati, halafu huyu mama anajifuta mikono kwenye aproni na kukukazia macho. "Unatoka nyumbani saa ngapi? Unarudi saa ngapi? Ukiwa haupo, nani anabaki naye?" Na ole wako ujibu kwamba inategemea. Angekwambia nenda kafikirie, ndege haishi kwa "inategemea". Watu waliondoka wamenuna, wakimwita mwenye kiburi, na wengi wao walirudi wiki iliyofuata wakiwa na jibu.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mlango wa mbao, meza moja, na matundu ya ndege yamepangwa ukutani mpaka kwenye dari. Chumba cha nyuma ndicho alicholala. Kwa miaka ishirini na sita aliamka, akafunua vitambaa vilivyofunika matundu, akafagia maganda ya mbegu, akaosha vibakuli vya maji, akakata matunda vipande vidogo, ndipo akafungua mlango. Chai yake ilikuja baadaye, na mara nyingi ilishapoa.

Hakuwa anauza ndege kwa rangi. Aliuza kwa tabia, na hapo alikuwa na mdomo kama mshenga. Vile vidogo vya kijani na buluu, alisema, ni vya nyumba yenye watoto, maana vinapiga soga kutwa na havina kinyongo. Kishungi, yule mwenye manyoya yaliyosimama utosini, hupiga mluzi na husamehe upesi, kwa hiyo anamfaa mtu anayeanza. Wale wa jozi wenye mashavu mekundu usiwatenganishe, wala usitegemee wakupende, wao wanapendana wenyewe na wewe ni mleta chakula tu. Kasuku mkubwa wa kijani ana maneno na ana jeuri, mpe mtu anayejua kucheka. Kasuku mweupe aitwaye kakatua ni wa kudekezwa. Usipomshika kutwa nzima atapiga kelele mpaka majirani wafikirie kuhama.

"Na huyu?" watu waliuliza, wakionyesha tundu lililokuwa karibu na meza.

"Huyo hauzwi."

Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alimpata akiwa kifaranga, mwaka aliozaliwa binti yake kitindamimba, na sasa binti mwenyewe alikuwa mtu mzima anayeuza kwenye duka la dawa mtaa wa pili. Mama Kasuku alimpenda yule ndege waziwazi, bila aibu, kiasi kwamba wanawe wakubwa walimwita mdogo wao. Lakini hata huyo alijua kumweleza. Wa kijivu haropoki, alisema. Wa kijani akisikia neno leo, kesho analipayuka. Wa kijivu analisikia nusu mwaka nzima, analiweka tumboni, halafu siku moja analitoa safi kama alivyolipokea. Na humshika mtu mmoja moyoni. Mtu huyo akibadilika, yeye huanza kujinyonyoa.

Basi Jumapili moja alikuwa akitoa somo hilo kwa mwalimu mmoja mstaafu, mjane, mtu mpole mwenye viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Mwalimu alikuwa amejibu maswali yote. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi kutembea, akarudi saa moja. Baada ya hapo alikuwa nyumbani akisoma mpaka jioni. Hakuwa na redio wala mbwa, na wajukuu walikuja likizo tu. Alimtaka wa kijivu, na kusema kweli, katika miaka yote ile hakuwahi kuingia mtu anayemfaa wa kijivu kama yeye. Mama Kasuku aliliona hilo mara moja, na likamchukiza.

"Wewe Mwalimu, huyu humwezi," akasema. "Chukua kishungi."

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya papai. Ndipo yule wa kijivu akakohoa. Mara tatu fupi, mara moja ndefu yenye mkwaruzo, akakwangua koo, kisha akasema kwa sauti ya Mama Kasuku mwenyewe: "Si kitu. Vumbi tu."

Mwalimu akacheka, akasifu kweli ndege ana kipaji. Binti hakucheka. Aliweka kisu chini, akasubiri mpaka Mwalimu alipotoka na kishungi wake.

"Mama, uliniambia umeanza kukohoa wiki mbili zilizopita."

"Ndiyo, wiki mbili. Tatu labda."

"Umetoka kusema sasa hivi. Huyu hasemi kitu mpaka akisikie nusu mwaka."

Mama Kasuku akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Amebanwa na somo lake mwenyewe, mbele ya papai lake mwenyewe. Ukweli ni kwamba alikuwa amekohoa miezi kumi. Dawa ya kikohozi alikuwa akiinunua mbali, kwa duka lisilomjua, ili binti asigundue. Kupanda ngazi tatu za uani alikuwa anapumzika kwenye ya pili, na alijisingizia uzee ingawa hakuwa na miaka sitini.

Hospitalini daktari aliitundika picha ya kifua chake kwenye mwanga, akauliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Mapafu yanalikataa vumbi la manyoya na mavi ya ndege, akaeleza. Yakiendelea kulivuta yanaota makovu, na kovu la pafu halirudi nyuma. Akiwaacha ndege sasa, atapumua. Asipowaacha, mwaka mmoja au miwili, atahitaji mtungi wa hewa kitandani.

Mwanamke huyu alianza kupatana bei. "Daktari, wa kijani hana vumbi. Nikimbakiza wa kijani? Kakatua nakubali, kakatua manyoya yake ni unga mtupu, hata ukimpiga kofi la upole linatoka wingu." Wa kijivu hakumtaja, kwa sababu alijua naye ana unga mwingi kama kakatua.

"Hakuna hata mmoja, mama," daktari akasema. "Wala banda la jirani."

Alilia kwenye benchi la nje, binti akimshika bega. Kisha akajifuta, akasema ndege wake hatawagawa kama nguo kuukuu. Apewe mwezi mmoja. Binti akakubali, na kila asubuhi akawa anapita kabla ya kazi kumfungia barakoa usoni kwa mikono yake.

Mwezi ule Mama Kasuku alifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na kila siku ya kazi hiyo ilimuuma. Kakatua alimpa fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mwanamke mpweke aliyelalamika kwamba hana wa kumshika mkono. Sasa akawa anaye, hata cherehani inamshinda kukanyaga. Wa kijani alikwenda kwa muuza magazeti, mcheshi wa mtaa mzima, na siku ya pili tu ndege alikuwa anawatukana wateja. Vidogo vilikwenda kwenye shule ya watoto. Wa jozi walikwenda pamoja. Mmoja baada ya mwingine, ukuta ukabaki na misumari.

Akabaki wa kijivu. Binti akauliza anakwenda wapi, na mama akajibu kwa kinyozi wa mlango wa pili.

Sasa hapa nataka unielewe. Kinyozi alikuwa mtu mwema na alimpenda ndege. Lakini duka la kinyozi lina redio tangu asubuhi, mashine tatu zinanguruma, vijana wanabishana mpira, mlango unapigwa, watu hamsini kwa siku na hakuna anayekaa zaidi ya nusu saa. Mtoto mdogo aliyekaa kwenye duka la Mama Kasuku kwa wiki moja angejua kwamba wa kijivu hawekwi pale. Na yeye, aliyewafukuza watu wazima kwa neno "inategemea", hakumuuliza kinyozi swali hata moja. Alimkabidhi tundu, akampa mfuko wa mbegu, akarudi ndani kusubiri. Alijua ndege atarudishwa. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Akirudishwa, angesema, mnaona, nimejaribu, hakuna anayemweza.

Alirudishwa baada ya wiki tatu. Kinyozi alikuja na tundu limefunikwa taulo, macho chini. "Mama, nisamehe. Sijui nimemkosea nini."

Alipofunua taulo alikuta kifua cha ndege kiko uchi. Ngozi ya kijivu, yenye vipele, na sehemu mbili zenye damu iliyokauka. Manyoya yamebaki kichwani na shingoni tu, kule ambako mdomo wake haufiki. Ndege hakumtazama. Alikaa mwisho wa kijiti, amegeukia ukuta.

"Hujamkosea kitu," Mama Kasuku akasema. "Ni mimi."

Kinyozi akadhani ni adabu tu, akaendelea kuomba radhi. Mama Kasuku alijisikia vibaya mpaka akaketi sakafuni, pale pale, na barakoa yake kidevuni. Miaka ishirini na sita hakuna ndege aliyetoka mlangoni kwake kwenda kuharibika. Wa kwanza ni huyu, na aliyemtuma anajua alichokuwa anakifanya.

Hakumficha binti. Alimpigia simu, akamwambia yote, na binti hakumkaripia, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulistahimili. Jioni hiyo hiyo walilibeba tundu wote wawili mpaka kwa Mwalimu. Kishungi alikuwa anapiga mluzi dirishani. Mwalimu akatoka na miwani mkononi.

"Ulisema simwezi."

"Nilikudanganya, Mwalimu. Nilikukataa kwa sababu unamweza."

Alimweleza kila kitu kuhusu kifua kile. Hakumuuliza maswali. Alipokwisha, Mwalimu alilipokea tundu kwa mikono miwili na kuliweka mbali na mlango, karibu na kiti chake cha kusomea, bila kuambiwa.

Miezi minne Mama Kasuku alikaa bila kwenda kumwona ndege. Kikohozi kilipungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikakoma. Ngazi za uani akazipanda bila kusimama. Daktari alifurahi. Binti alifurahi. Yeye mwenyewe aliamka kila siku saa ile ile, akakaa kitandani hana cha kufunua.

Mwezi wa tano Mwalimu akatuma salamu kwamba aje amwone, lakini abaki nje, kwenye uwanja, dirisha la vioo likiwa limefungwa. Alikwenda. Alisimama kwenye majani, hatua tano kutoka kwenye kioo. Ndani, ndege alikuwa kwenye mgongo wa kiti. Kifua kilikuwa kimeanza kuota manyoya madogo, laini, ya kijivu hafifu. Mama Kasuku akaweka kiganja mdomoni.

Ndege akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Akakohoa. Tatu fupi, moja ndefu, mkwaruzo. "Si kitu. Vumbi tu." Ilisikika mpaka nje.

"Hivyo hivyo kila siku," Mwalimu akasema kutoka barazani, kwa upole. "Nimfundishe aache?"

"Hasahau huyo. Ataishi kutuzidi wote."

Walizungumza kidogo kuhusu matunda, kuhusu kucha. Kisha akaaga. Alikuwa ameshika geti alipoisikia nyuma yake sauti yake mwenyewe, ile ya dukani, kavu, isiyotaka mchezo. Miaka yote ile ndege alikuwa ameyasikia maneno hayo na hakuwahi kuyasema hata mara moja.

"Unarudi saa ngapi?"

Mama Kasuku akasimama. Ndege akauliza tena, taratibu zaidi.

Kwa swali hilo hilo aliwahi kuwarudisha watu wengi mikono mitupu. Alifikiri kusema Jumapili. Alifikiri kusema inategemea. Akafunga geti, akaondoka bila kujibu.